Mwalimu Aliyekataa Shikamoo

Ukifika Mirongo ukamuulizia Mwalimu Paskazia Mayala, usishangae mtu akikukazia macho kwanza. "Yupi, yule aliyekataa shikamoo?" Ndiye huyo huyo. Wapo wanaomtaja huku wakitikisa kichwa, na wapo wanaomcheka mpaka wanashika mbavu, lakini hayupo anayesema hamjui. Na wewe kabla hujamhukumu, kaa kitako usikilize jambo lilivyokuwa, maana Mwanza hii maneno yanatembea bila nauli.

Paskazia ni mwanamke wa makamo, mwenye mwili wake na sauti yake. Alizaliwa Sengerema, akafanya kazi ya maabara miaka mingi kwenye zahanati za ng'ambo ya ziwa, akipima damu, choo na makohozi, mpaka alipoitwa kufundisha kwenye chuo kimoja cha binafsi pale Mirongo. Chuo hicho kinafundisha wahudumu wa maabara, na wengi wa wanafunzi wake ni watu wazima walioko kazini. Mmoja yuko zahanati ya huko Sengerema, mwingine kisiwani, mwingine kiwanda cha samaki Nyakato. Hawawezi kuacha kazi waje kukaa darasani. Kwa hiyo chuo kikaweka masomo kwenye simu. Mwalimu anajirekodi, mwanafunzi anasikiliza kwa wakati wake, akiwa na bando na nafasi, akimaliza anaandika kwenye jukwaa la somo, na mwalimu anajibu naye kwa wakati wake. Kisha kila muhula wanavuka kuja Mirongo kufanya vitendo, kwenye chumba cha maabara, washike hadubini kwa mikono yao wenyewe.

Usije ukadhani Paskazia alikuwa adui wa simu. Thubutu! Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kujirekodi, jikoni kwake Nyakato, slaidi zimepangwa juu ya meza ya kukatia mboga. King'ora cha kiwanda cha jirani kikilia katikati ya somo, alikuwa anasema, "Kingojeni kipite," halafu anaendelea pale alipoachia. Walimu wenzake walipolalamika kwamba simu zinaharibu elimu, aliwakatiza. "Simu haina kosa. Inapeleka sauti yangu mpaka visiwani, ambako mimi mwenyewe nikienda natapika njia nzima."

Matata yalianza na grafu.

Mkuu wa chuo, Bwana Nestory, mzee nadhifu asiyekosa tai hata jua likichoma, aliwaita walimu akawaonyesha ukutani mstari mwekundu uliokuwa unapanda kama njia ya kwenda kilimani Bugando. "Huo ndio ushiriki wa wanafunzi," akasema, raha imemjaa. "Mfumo wenyewe unahesabu kila wanachoandika kwenye jukwaa. Na somo linaloongoza ni la Mwalimu Paskazia. Mpigieni makofi."

Makofi yakapigwa. Paskazia akainuka nusu, akatabasamu, akakaa. Alifurahi mapema.

"Sasa," Nestory akaendelea, "ikiwa watu wanashiriki hivi wakiwa makwao, kile chumba cha maabara tunakifuga cha nini? Umeme, kemikali, vioo vinavyovunjika kila siku. Vitendo navyo tutavirekodi. Mwanafunzi ataangalia kwenye simu mkono wa mwalimu unavyofanya, basi. Bodi inakaa mwisho wa mwezi. Nitapendekeza chumba kifungwe, kiwe ukumbi wa mikutano."

Tabasamu likamtoka Paskazia. "Mkuu, kuuona mkono wangu si sawa na kuwa na mkono."

"Mwalimu, takwimu zinasema."

"Takwimu hazijawahi kumchoma mtu sindano kidoleni."

Wenzake wakacheka, Nestory hakucheka. Alikuwa mtu mwema, tuseme ukweli. Aliwahi kumfundisha Paskazia mwenyewe enzi za usichana wake, na kazi hiyo ni yeye aliyempa. Lakini alikuwa ameishika ile grafu, na mtu akishashika kitu kinachomsifu, kumnyang'anya ni kazi.

Paskazia akarudi nyumbani. Chumba kile alikijua meza kwa meza, na alijua kikifungwa chuo kitatoa watu wenye vyeti ambao hawajawahi kugusa hadubini, na watu hao ndio watakaompima mama yake damu kule Sengerema. Akakaa kibarazani, akafungua jukwaa la somo lake kwenye simu, akaanza kusoma kutoka juu. Alitaka kuona huo ushiriki unaosifiwa unafananaje.

Chini ya somo la kutandaza damu kwenye slaidi ilikuwa imeandikwa: Shikamoo madam. Shikamoo madam, nimeona. Shikamoo madam, somo zuri, Mungu akubariki. Shikamoo madam, huku kwetu mvua. Na chini ya kila moja, yeye mwenyewe Paskazia: Marahaba. Marahaba, amina. Marahaba, poleni na mvua. Maana wewe utaiachaje shikamoo ya mtu ikining'inia? Akashuka chini, akashuka tena, kidole kikaanza kuuma. Somo la rangi ya kupaka damu: shikamoo. Somo la lenzi kubwa: shikamoo, na mmoja ameongeza maua. Swali hakuliona hata la dawa.

"Loo!" akasema peke yake. "Kumbe mstari wote ule ni shikamoo na marahaba!"

Jumamosi iliyofuata kundi la Sengerema lilikuwa na zamu ya vitendo. Akaja Dorcas, mama wa watoto, mhudumu wa zahanati, mwanafunzi aliyekuwa anaongoza jukwaani kwa kuandika; siku haikupita bila Dorcas kumwamkia mwalimu. Paskazia akamweka kwenye hadubini nzuri kuliko zote. "Haya Dorcas, wewe ndiye mwanafunzi bora. Nitafutie chembe nyeupe kwa lenzi kubwa."

Dorcas akafunga jicho moja, akaweka lingine kwenye hadubini, akakamata lile gurudumu kubwa la kushushia lenzi akaanza kulizungusha, anazungusha tu, jicho halitoki. Paskazia alikuwa bado anafungua mdomo, kraa! Lenzi ikaivunja slaidi.

"Samahani madam," Dorcas akasema, akianza kuokota vipande.

"Somo hili nimelirekodi. Nimesema, ukishusha lenzi kubwa angalia kwa pembeni, usiangalie ndani. Hukulisikiliza?"

"Nililisikiliza madam. Lote. Hata king'ora nilikisikia."

"Sasa?"

"Sikuelewa pembeni ya wapi."

"Kwa nini hukuuliza, Dorcas? Kila siku unaniandikia!"

Dorcas akainamisha kichwa. "Madam, nikuulize vipi mbele za watu? Wewe ni mkubwa wangu. Nikisema sijaelewa, si ni kama nasema hujafundisha vizuri? Watu watasema Dorcas hana adabu. Ndiyo maana naamkia. Nikishaamkia najua angalau nimeonekana."

Paskazia alikasirika, na hasira yake wala haikuwa ya Dorcas. Alijiona yeye mwenyewe akiwa msichana pembeni ya meza ya mwalimu, maswali yamemjaa kifuani, na mdomoni haimtoki ila shikamoo. Watu wote wale, wakubwa kwa wadogo, wamelelewa kwamba mkubwa anaamkiwa, haulizwi. Na sasa simu imekuja imeichukua ile tabia, imeipiga hesabu, imeichora mstari mwekundu ukutani, na chumba kinakwenda kufungwa kwa ajili yake.

Pale pale, mbele ya slaidi iliyovunjika, akatoa simu akarekodi ujumbe wa sauti, na huo ndio uliomletea jina. Mpaka leo wapo waliouhifadhi.

"Wanafunzi wangu, nisikilizeni. Kuanzia leo kwenye jukwaa langu hakuna shikamoo. Atakayeniamkia namfuta. Sitaki maua, sitaki nibarikiwe, kanisani nitakwenda mwenyewe. Anayetaka kuniheshimu aniulize swali. Swali la kijinga, la aibu, lolote. Mficha uchi hazai! Kama kuna kitu huko kituoni kwenu mnakifanya mnajua hakiko sawa, kilete hapa. Na ambaye hana swali, anyamaze tumjue."

Weee! Ungedhani amewatukana mama zao. Jukwaa likafa ganzi. Siku ya kwanza kimya, ya pili kimya. Mmoja akajisahau akaandika shikamoo, Paskazia akaifuta bila huruma. Ule mstari mwekundu ukaporomoka mpaka ukalala chini. Na habari zikavuka maji kabla jua halijazama. Baba yake Shimba, mfugaji mmoja wa ng'ambo ambaye mwanawe alikuwa mwanafunzi wa Paskazia, akampigia Mkuu wa chuo. "Nimeuza ng'ombe zangu nimsomeshe mtoto, mnamfundisha asiamkie wakubwa? Hicho ni chuo au kijiwe?"

Hata mama yake mzazi Paskazia akapiga simu kutoka Sengerema, bila hata mwangaluka, salamu yao ya Kisukuma. "Pasikazia! Nasikia umekataa kuamkiwa. Umekuwa Mungu au umekuwa mtoto?"

"Mama, ni kwenye simu tu. Nataka waniulize."

"Wakuulize nini ambacho hukuwafundisha?"

"Ndicho hicho ninachotaka kujua, mama."

Mama akaguna, akakata. Paskazia akacheka kidogo halafu akalia kidogo, maana kugombana na mama ni jambo zito hata ukiwa na haki.

Nestory akamwita ofisini. Paskazia akaingia, akapiga goti kama alivyofundishwa. "Shikamoo, Mkuu."

Mzee akamwangalia. "Sina marahaba ya kukupa. Wewe si umeipiga marufuku?"

"Nimeipiga marufuku jukwaani. Wewe nakuamkia kwa moyo wangu wote."

"Umeua chuo, Paskazia. Bodi itaona nini? Rudisha salamu, uwaombe radhi wanafunzi, yaishe."

"Sirudishi."

"Unasema?"

"Sirudishi, Mkuu. Zile hazikuwa masomo. Debe tupu lilikuwa linavuma, na wewe ukaliita ngoma. Nipe mpaka siku ya bodi."

"Bodi nitaiambia ukweli wangu. Na ufunguo wa maabara uuache hapa mezani. Chumba kinafanyiwa tathmini."

Paskazia akauweka ufunguo juu ya meza. Alipofika nje akakaa kwenye jiwe moja kubwa la pale uani. Alikuwa na jukwaa kimya, chumba kimefungwa, na jina baya. Liwalo na liwe, akajisemea. Maji ameshayavulia nguo.

Wa kwanza kuvunja ukimya alikuwa Dorcas. Ujumbe wa sauti, upepo wa ziwa unavuma nyuma yake, sauti ndogo: "Madam, bila kukuamkia, nisamehe. Yale mafuta ya kudondoshea juu ya slaidi kwa lenzi kubwa... kituoni kwetu yaliisha zamani. Tunatumia ya alizeti. Ya kupikia. Je, ni vibaya?"

Paskazia akaruka kwenye kiti. "Ndiyo, Dorcas!" akajibu. "Ndiyo, ni vibaya, na nakushukuru! Yanaganda, yanaharibu lenzi, na picha inakuwa na ukungu. Nani mwingine anakaanga lenzi?"

Vicheko vikaanza kumiminika, na baada ya vicheko wakaanza kujitaja. Mmoja naye alizeti. Mwingine hajawahi kusafisha lenzi tangu aajiriwe, anaogopa kuigusa. Mwingine anauliza damu ikikauka juani ni sawa na ikikauka kivulini. Wakaulizana, wakajibizana wenyewe kwa wenyewe, wakataniana: wewe Mkerewe nenda kakaange samaki, acha hadubini. Mwingine anajibu alfajiri kabla ya zamu, mwingine mchana akingoja wagonjwa. Paskazia akawa anachelewa kula. Mstari wa Nestory ulinyanyuka kidogo tu, maana swali moja la maana lilichukua siku nzima kujadiliwa, wakati shikamoo zilikuwa zinaandikwa hata na mtu aliyelala. Jukwaa hilo, kwa hesabu ya mfumo, lilikuwa bado mgonjwa.

Halafu akaja Shimba, yule mtoto wa mfugaji, kijana mkimya wa zahanati moja ya mbali. Hakutuma sauti. Aliandika, na ilionekana ameandika akafuta akaandika tena.

"Mwalimu, kwa nini kwangu kila mtu ana malaria? Vile vipimo vya haraka vikiisha natumia hadubini, na kila slaidi nikiangalia naona vidudu. Wazee, watoto, hata mkuu wangu, mganga mfawidhi mwenyewe, nilimpima akawa nayo. Wananisifu kwamba nina jicho. Lakini kuna mama mmoja amerudi na kurudi, anameza dawa, homa haishuki. Mwalimu, naogopa. Ni kweli ninaona malaria?"

Paskazia akaisoma akaketi chini. Hakuna aliyecheka jukwaani. Alijua papo hapo linaweza kuwa nini, lakini pia alijua halina dawa ya kwenye simu. Ungemrekodia Shimba masomo mpaka bando la nchi nzima liishe, asingejua anachokiona ni nini mpaka akione kwa jicho lake na kingine pembeni yake. Akamjibu: "Shimba, umeuliza swali kubwa kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Njoo na chupa yako ya rangi, hiyo hiyo unayotumia, usiitikise. Na wengine wote, kila mtu aje na kitu kimoja kinachomtia mashaka kituoni kwake. Tukutane siku ya bodi."

"Chumba si kimefungwa, madam?" Dorcas akauliza.

"Jua halijafungwa."

Kwenye stoo ya chuo kulikuwa na hadubini za zamani, zile zisizo na taa, zenye kioo chini cha kuvuta mwanga wa jua. Zilitupwa huko siku zilipofika zile za umeme. Siku ya bodi, asubuhi, Paskazia na wanafunzi wake wakazitoa, wakazifuta vumbi, wakazipanga kwenye meza barazani, moja kwa moja chini ya madirisha ya ofisi ya Mkuu, bodi inapokaa. Huyu ameleta kitambaa anachofutia lenzi, yule maji ya kisima chake, Shimba chupa yake ya rangi ameikumbatia kifuani. Kelele zao zikaingia dirishani. Ndani, Nestory alikuwa amesimama mbele ya mstari mwekundu, anaonyesha kwa fimbo mahali ulipovunjika shingo.

"Hapa," akasema, "ndipo mwalimu mmoja alipokataa salamu."

Mwenyekiti wa bodi alikuwa Mama Champaben, mfanyabiashara mzee wa Kihindi ambaye babu yake alifungua duka mjini enzi za reli. Kiswahili chake ni cha Mwanza kabisa, na hapendi kuzungushwa. Akageuza kichwa dirishani. "Na wale wanaopiga kelele huko nje ni nani?"

"Ndio wanafunzi wake. Nimefunga chumba, wametoka nje."

"Umefunga chumba, wamekuja hivyo hivyo?" Akainuka, akashika mtandio wake, akatoka. Wajumbe wakamfuata, na Nestory nyuma yao na fimbo yake.

Wanafunzi walipomwona bibi yule wakasimama wote kwa pamoja. "Shikamoo, mama!"

"Marahaba, wanangu." Akamgeukia Paskazia. "Mbona wanaamkia? Nimeambiwa umewakataza."

"Shikamoo, mama. Ana kwa ana wanaamkia vizuri sana. Nimewakataza kujifichia kwenye shikamoo za jukwaani."

"Wanaficha nini?"

Paskazia akamtazama Shimba. Hakumlazimisha. Kijana alijua akisema mbele ya watu wale, kesho kazi inaweza ikawa imekwenda, na baba yake aliyeuza ng'ombe atamwambia nini. Akasogea mbele, akamwangalia bibi machoni, jambo ambalo kwao halifanywi.

"Mama, mimi kwa muda mrefu ninawaambia watu wana malaria. Nadhani nimekuwa nikiwadanganya bila kujua. Niliogopa kuuliza, mpaka juzi nilipomwuliza mwalimu."

Mama Champaben akatoa mkono. "Nipime."

"Mama?"

"Mimi mzima, sina homa. Nipime na hiyo rangi yako."

Shimba akamchoma kidole, akatandaza damu kwenye slaidi, jua na upepo wa ziwa vikaikausha mara moja. Akapaka rangi yake ya kwenye chupa. Wakangoja, wajumbe wakaletewa chai wakainywa wima. Akaweka slaidi, akageuza kioo kikashika jua, akaangalia. Alipoinua uso macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Mama, kwa ninavyoona, una malaria. Nyingi."

Wajumbe wakaguna. Paskazia akachukua chupa ile, akamimina rangi kidogo kidogo juu ya karatasi ya kuchujia mpaka ikapita. Kwenye karatasi yakabaki makombo meusi, madogo, mengi, uchafu wa rangi iliyokaa bila kuchujwa. "Tone lingine, mama, niwie radhi," akasema. Akamwachia Shimba afanye kila kitu mwenyewe, atandaze, apake ile rangi iliyochujwa, aoshe. Hata pale alipokosea kushika slaidi, alimkazia macho tu mpaka akajirekebisha.

Shimba akaangalia. Akahamisha slaidi, akaangalia tena, kwa muda mrefu. "Hakuna," akasema. "Hakuna kitu. Damu safi. Jamani, hakuna kitu!" Akaanza kulia waziwazi, mtu mzima, na Dorcas akamshika bega.

Mama Champaben akainama akaangalia mwenyewe, slaidi hii na ile. Sijui aliona nini, maana kuangalia kunafundishwa, lakini alichelewa kuinuka. Kisha akamgeukia Nestory. "Mkuu, lile swali la kijana huyu, aliliuliza wapi?"

"Kwenye jukwaa, nadhani."

"Kwenye mstari wako mwekundu liko wapi? Nionyeshe."

Nestory akafungua kompyuta mpakato yake, akatafuta, jasho likimtoka kwenye kola. "Lipo hapa, mwenyekiti. Limehesabiwa... moja."

"Moja. Na shikamoo moja inahesabiwa ngapi?"

Mzee akavua miwani. "Moja," akasema.

Bodi ikarudi ndani ikakaa, na ilipotoka chumba cha maabara kilikuwa kimebaki maabara. Lakini usidhani walimbeba Paskazia juu. Walimpa onyo la maandishi kwa kutotii amri na kwa kuchukua vifaa stoo bila ruhusa, na mjumbe mmoja akamwonya kwamba mwalimu wa kike inafaa awe na ulimi mfupi. "Nipeni onyo," Paskazia akasema, "niachieni chumba." Akapokea bahasha kwa mikono miwili kwa adabu zote, akaikunja, akaitia chini ya mguu wa ile meza ya barazani iliyokuwa inayumba. Ikatulia.

Nestory akampa ufunguo mkononi.

"Shikamoo, Mkuu," Paskazia akasema.

"Marahaba, mwanangu," mzee akajibu. Halafu akaongeza: "Hivi mafuta ya alizeti yanaganda kweli?"

"Yanaganda, Mkuu."

Sheria yake jukwaani hakuibadilisha, na baba yake Shimba mpaka leo hajamsamehe. Shimba mwenyewe alirudi kituoni kwake akamweleza mganga mfawidhi kila kitu, kabla hajaulizwa. Hakufukuzwa, lakini alikaripiwa mbele ya wagonjwa. Wakawaita waliotibiwa waje wapimwe upya, waliopatikana. Yule mama wa homa alipelekwa hospitali ya Sengerema, ugonjwa wake ukajulikana, ukatibiwa wenyewe.

Siku chache baadaye Paskazia alikuwa jikoni kwake anakata sukuma wiki, king'ora cha kiwanda kimetoka kulia, simu ikaingiza ujumbe. Ilikuwa sauti ya Shimba jukwaani; safari hii hakuandika, alisema.

"Mwalimu, leo nimempima mtoto, nikaandika hakuna malaria. Mganga mfawidhi akanirudishia, akasema haiwezekani, msimu huu, rudi ukaangalie vizuri. Nikaangalia tena. Hakuna. Akasema andika ipo. Mwalimu, nikamwambia, mzee wangu, nakuheshimu, lakini siandiki. Njoo uangalie mwenyewe. Akakasirika. Halafu akaja, akainama kwenye hadubini. Sasa hivi yuko hapa pembeni yangu, ananiuliza maswali."

Hakuwa ameamkia. Hakukuwa na shikamoo mahali popote katika ujumbe ule, mwanzo wala mwisho. Paskazia akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye kanga, akausikiliza tena wote. Kisha akaandika neno moja, neno ambalo hakuwa ameliandika jukwaani tangu siku ile ya slaidi ya Dorcas.

"Marahaba."